"Nikufungie ngapi?" Hesabu ya muuza magazeti kwa sisi tunaouza mtandaoni

Wadau, somo la leo lina hesabu kidogo, kwa hiyo chukua kalamu na karatasi au fungua kikokotoo cha simu. Swali ni lile analokuuliza wa jumla pale Kariakoo ukiwa umesimama na hela yako mkononi: "Nikufungie ngapi?"

Nazungumzia mzigo wenye tarehe. Magauni ya watoto ya Eid, boksi za zawadi za Valentine, mabegi ya shule ya Januari. Vitu ambavyo siku ikipita tu, bei inaanguka. Ukichukua vichache vinaisha mapema, inboksi inajaa "bado ipo?" na wewe huna cha kumpa mtu, anahamia ukurasa wa jirani. Ukichukua vingi vinadoda, na hela yako inalala kwenye viroba chini ya kitanda wakati kodi ya chumba inataka kulipwa.

Wengi hapo tunajibu kwa kipimo kimoja: mwaka jana ziliuzika kama arobaini, basi nifungie arobaini. Inasikika kama busara kabisa. Ila wanaofundisha uchumi wa uzalishaji vyuo vikuu, yaani somo la kupanga mali, mzigo na hela ili kazi ilipe, wana jibu tofauti. Wanasema wastani wa mauzo peke yake hauwezi kukuambia uchukue ngapi. Zipo namba nyingine mbili zinazotakiwa, na zote mbili unazo tayari, hujazipanga tu.

Darasani swali hili linaitwa tatizo la muuza magazeti. Kijana anachukua magazeti alfajiri bila kujua leo yatatoka mangapi. Yakiisha saa tatu, wanaokuja saa nne wanampita na faida yao. Yakibaki, gazeti la jana kazi yake ni kufungia maandazi. Anaagiza mara moja, halafu anasubiri kuona siku itamletea watu wangapi. Mzigo wa msimu ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba siku yetu moja inaitwa Eid.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko hata hilo jina. Mwaka 1888 mchumi mmoja mzaliwa wa Ireland, Francis Edgeworth, alikuwa anajiuliza kuhusu benki: iweke pesa taslimu kiasi gani ndani ili wanaokuja kutoa wasikose, bila kulaza hela nyingi ambazo zingeweza kukopeshwa zikaleta riba? Wakala yeyote wa pesa za simu analijua swali hili bila kusoma Edgeworth. Mteja anakuja kutoa laki tatu, droo ina laki mbili, kamisheni imeondoka. Ukijaza droo, floti ndiyo inakauka, na anayetaka kuweka naye anaondoka. Ni tatizo lile lile limevaa shati lingine.

Sasa njoo kwenye jaribio moja ambalo walimu wa biashara wanapenda kulifanya na wanafunzi. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Maurice Schweitzer na Gérard Cachon, walichapisha matokeo ya mchezo wa aina hii. Waliwapa wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara bidhaa ya kubuni inayouzwa kwa 12. Idadi ya wateja inaweza kuwa namba yoyote kuanzia 1 hadi 300, kila namba ina nafasi sawa na nyingine. Kisichouzwa kinatupwa.

Mchezo ulikuwa na bidhaa za namna mbili. Ya kwanza inanunuliwa kwa 3, kwa hiyo kila kipande kikiuzwa unapata 9, kikibaki unapoteza 3. Ya pili inanunuliwa kwa 9: kikiuzwa unapata 3, kikibaki unapoteza 9. Wateja ni wale wale, bei ya kuuzia ni ile ile.

Jibu sahihi la kihesabu ni 225 kwa ile ya kwanza na 75 kwa ile ya pili. Angalia hiyo tofauti. Soko moja, lakini mzigo mmoja ni mara tatu ya mwenzake, kwa sababu tu ya faida na hasara ya kipande kimoja. Wastani wa wateja ni kama 150, na haujawa jibu mahali popote.

Wanafunzi walifanya nini? Waliagiza pungufu ya 225 kwenye ile yenye faida nene, na zaidi ya 75 kwenye ile yenye faida nyembamba. Yaani kwa jumla walivutwa katikati, kuelekea ule wastani. Na kitu kingine: namba ya wateja ya raundi iliyopita iliwayumbisha. Wakija wengi, mtu anaongeza oda raundi inayofuata. Wakija wachache, anapunguza. Wakati mchezo wenyewe haukubadilika chochote.

Utasema hao ni wanafunzi, hawajawahi kulala na mzigo. Mwaka 2012 Gary Bolton, Axel Ockenfels na Ulrich Thonemann walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi na mameneja ambao kuagiza mizigo ndiyo kazi yao ya kila siku. Mameneja nao walivutwa katikati vile vile. Kwa hiyo ule msemo wetu wa "mimi nina miaka kumi sokoni" una kazi yake, lakini kwenye swali hili haukuokoi.

Sababu mojawapo waliyoipendekeza Schweitzer na Cachon mimi naiona ina ukweli: mtu anachukia kukosea idadi. Vikibaki kumi anaumia, vikipungua kumi anaumia, na moyoni maumivu hayo mawili anayapima kwa mizani moja. Lakini mfukoni hayalingani hata kidogo. Ndiyo hesabu tunayoingia sasa.

TUCHUKUE MFANO WA MAGAUNI YA EID

Gauni linakufikia kwa 15,000, nauli ya mzigo na mfuko wa kufungia vikiwemo. (Kama hujaingiza hivyo vitu kwenye bei yako, rudi kwanza huko, huku kote utakuwa unapiga hesabu hewa.) Unauza 25,000. Baada ya Eid, likibaki, unalitoa kwa 10,000.

Kwa hiyo gauni likiuzwa kwa wakati wake unapata 10,000. Likibaki unapoteza 5,000. Hizo ndizo namba zako mbili.

Halafu unahitaji makadirio ya wateja, na hapa usiandike namba moja. Andika kadhaa, na uzipe uzito kwa kumi. Mfano, ukiangalia misimu iliyopita na watu wanaokuulizia, unasema hivi:

wateja 20, nafasi 1 kati ya 10
wateja 30, nafasi 2 kati ya 10
wateja 40, nafasi 3 kati ya 10
wateja 50, nafasi 2 kati ya 10
wateja 60, nafasi 2 kati ya 10

Wastani wake ni 42. Mtu wa "kama mwaka jana" anafunga arobaini na kitu, anapanda daladala.

Wewe usiulize "jumla nichukue ngapi". Uliza kuhusu kumi zinazofuata: nikiwa nina 40 tayari, niongeze kumi nyingine? Hizo kumi za kutoka 41 hadi 50 zitauzika kama wateja wakifika 50 au 60. Nafasi ya hilo ni 4 kati ya 10. Kwa hiyo kila gauni kati ya hizo lina nafasi 4 za kukupa 10,000, ambayo ni sawa na 4,000. Na lina nafasi 6 za kukupotezea 5,000, ambayo ni 3,000. Elfu nne inashinda elfu tatu. Chukua.

Haya, kumi nyingine, za 51 hadi 60? Nafasi ya kuuzika ni 2 kati ya 10, yaani 2,000. Nafasi ya kubaki ni 8, yaani 4,000. Acha hapo hapo.

Jibu lako ni 50. Ukitaka kuhakikisha, piga hesabu ya faida unayoitarajia kwa kila kiasi: ukichukua 40 unatarajia 340,000, ukichukua 50 unatarajia 350,000, ukichukua 60 inashuka hadi 330,000. Tofauti ya elfu kumi kwa msimu mmoja si utajiri, sikudanganyi. Ngoja uone bidhaa ya pili.

Boksi za Valentine. Kipande kinakugharimu 20,000 na unauza 25,000, kwa sababu kila mtu anauza hivyo na huwezi kupandisha. Tarehe 15 Februari lile boksi lenye mioyo myekundu hulitaki hata wewe, unalifumua na kuuza vilivyomo kwa 5,000. Likiuzwa unapata 5,000, likibaki unapoteza 15,000. Tuseme makadirio ya wateja ni yale yale ya hapo juu.

Kumi za kutoka 21 hadi 30: nafasi 9 za kupata 5,000 ni 4,500, nafasi 1 ya kupoteza 15,000 ni 1,500. Chukua. Kumi za kutoka 31 hadi 40: nafasi 7 za kupata 5,000 ni 3,500, nafasi 3 za kupoteza 15,000 ni 4,500. Acha.

Jibu ni 30. Wateja wale wale, wastani ule ule wa 42, lakini huku unachukua 50 na huku 30. Na aliyechukua 50 za Valentine kwa sababu "watu wananiulizia sana"? Faida anayoitarajia ni 50,000 tu, wakati wa 30 anatarajia 130,000. Tena wateja wakitokea 20 tu, wa 50 anaingia hasara ya 350,000. Huo ni mtaji wa mtu mzima unaoondoka ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo, ukishachoka na hesabu, kumbuka mwelekeo: faida nene na mabaki yenye bei, zidisha juu ya wastani. Faida nyembamba na mabaki ya kutupa, kaa chini ya wastani hata kama inboksi inawaka moto. Chuki ya kuishiwa ndiyo inayowaponza wauzaji wa bidhaa za faida nyembamba. Kuishiwa boksi za Valentine tarehe 13 ni sawa tu, ndivyo hesabu ilivyotaka.

YALE MAKADIRIO UNAYATOA WAPI

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hesabu nzima imesimama juu ya ile orodha ya wateja.

Daftari la mauzo linadanganya kwa namna moja. Kama mwaka jana ulichukua magauni 40 na yote 40 yakaisha wiki moja kabla ya Eid, daftari litaandika 40. Lakini wateja hawakuwa 40. Walikuwa 40 na wengine waliokuja ukawajibu "zimeisha dada", na hao hawaandikwi popote. Ukitumia 40 kama kipimo cha mwaka huu, unakadiria soko kwa ukubwa wa mzigo wako badala ya ukubwa wa soko. Mtu anaweza kukaa miaka minne anafunga arobaini, zinaisha, anafurahi, na hajawahi kujua kulikuwa na wateja sabini.

Sisi tunaouza mtandaoni tuna bahati ambayo mwenye duka la barabarani hana: yule aliyekosa ameacha ujumbe. Upo WhatsApp, upo inboksi. Msimu ukianza fungua ukurasa mmoja kwenye daftari, andika tarehe mzigo ulipoisha, halafu kila anayeulizia baada ya hapo mchoree mstari. Usihesabu anayeuliza "bei gani" akapotea. Mhesabu anayetaja saizi, rangi au mahali pa kupelekewa, huyo alikuwa na nia. Misimu miwili ya mistari hiyo inakupa makadirio bora kuliko mwaka mzima wa kulaiki na vyuu.

Na usiyumbishwe na msimu mmoja. Wale wanafunzi waliongeza oda kwa sababu raundi iliyopita ilikuwa nzuri. Eid iliyopita ikikudodea, hiyo ni moja ya namba kwenye orodha, haifuti nyingine nne.

HELA YENYEWE NI YA NANI?

Tumehesabu kama vile hela iko tu. Sasa tuseme ya kununulia magauni umekopa kwenye kikoba, na riba ni asilimia 10 kwa huo mwezi. Gauni la 15,000 sasa linakugharimu 16,500. Likiuzwa unapata 8,500, likibaki kwa 10,000 unapoteza 6,500.

Rudi kwenye zile kumi za 41 hadi 50. Nafasi 4 za kupata 8,500 ni 3,400. Nafasi 6 za kupoteza 6,500 ni 3,900. Acha. Jibu limeshuka kutoka 50 hadi 40, na hakuna mteja hata mmoja aliyepungua. Riba ndiyo imepunguza mzigo. Wengi wanafanya kinyume: mkopo ukitoka, mtu anafunga mzigo mkubwa kuliko siku zote kwa sababu hela ipo.

Na anayetumia hela yake mwenyewe asijione yuko salama moja kwa moja. Robert Grubbström, aliyekuwa profesa wa uchumi wa uzalishaji Chuo Kikuu cha Linköping kule Sweden, aliandika mwaka 1980 kuhusu namna sahihi ya kupima gharama ya hela iliyolala kwenye mzigo. Njia yake ni kufuata hela yenyewe: imetoka lini mfukoni, itarudi lini. Kipimo hicho hata sisi tunaweza kukitumia kwa lugha ya sokoni. Kama umenunua magauni miezi miwili kabla ya Eid ili upate bei ya chini, hiyo miezi miwili ile hela ingekuwa inazunguka kwenye kitu kingine. Kama kwenye vipodozi inazunguka mara mbili na kukuachia 2,000 kwa kila 15,000, basi gauni lako la 15,000 kiukweli ni la 17,000. Iweke hiyo namba kwenye hesabu, uone kama punguzo ulilopewa kwa kununua mapema linafika hata hapo.

Ipo mizigo ambayo hesabu hii haiihusu. Kama unaweza kurudi Kariakoo keshokutwa na kukuta kitu kile kile kwa bei ile ile, huna haja ya kukisia msimu mzima. Chukua kidogo, rudi. Na kama wateja wako wanakubali kulipia advansi kabla hujaagiza, kila aliyelipa amekutoa kwenye kubahatisha kwa kipande kimoja; hesabu ifanye kwa waliobaki tu.

Jambo la mwisho ni la kuongea na wa jumla. Tumezoea kupigana naye kwenye bei, punguza elfu, punguza mia tano. Mwaka 1985 mtafiti Barry Pasternack alichapisha kazi kuhusu mikataba ambayo muuzaji wa juu anakubali kurudishiwa mzigo uliobaki kwa bei waliyopatana, na akaonesha kwamba ikipangwa vizuri inaweza kuwafaa wote wawili. Kwenye magazeti yasiyouzika ni jambo la kawaida.

Chukua yule mwenye mkopo wa kikoba. Mwambie wa jumla hivi: nitachukua 50 badala ya 40, ila zikibaki baada ya Eid hazijavaliwa na lebo zipo, unazipokea kwa 12,000. Sasa gauni likibaki unapoteza 4,500, si 6,500. Zile kumi za 41 hadi 50: nafasi 4 za kupata 8,500 ni 3,400, nafasi 6 za kupoteza 4,500 ni 2,700. Chukua. Yeye ameuza kumi zaidi, na wewe umerudi kwenye 50 ukiwa na mkopo. Mwombe hilo wiki tatu kabla ya msimu, akiwa bado na nafasi ya kukusikiliza, na liandikwe nyuma ya risiti: idadi, bei ya kurudishia, na tarehe ya mwisho ya kurudisha.